Taa Ilisema Kijani

Jumanne, 3 Februari

Mke wangu,

Hapana, sifui nguo za watu. Nilimwambia dereva wa lori la chakula cha samaki kwamba naosha jicho, yeye akakufikishia kwamba naosha nguo. Mpe barua abebe, lakini habari usimpe, zinachujuka njiani.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana umeuliza na umekataa nikujibu kwa simu. Eti kwenye simu nakuchekesha mpaka unakata bila kupata ulichokitafuta. Haya. Simu iwe ya neno moja moja, mengine yote karatasi. Mwandiko wangu unaujua. Ukikwama kwenye neno, liruke, huenda halikuwa la maana.

Hiki kiwanda kinang'arisha vitambaa. Vinaingia vina rangi ya vumbi, vinatoka vyeupe mpaka unaogopa kuvigusa. Kinachovifanya viwe hivyo ni dawa, na dawa ikishamaliza kazi inatoka na majitaka kwenye mfereji wa nyuma, halafu mtoni, mto huohuo unaopita kwenu. Zamani kiwanda kilikuwa kinajipimia chenyewe hayo maji. Yaani mwanafunzi anasahihisha mtihani wake. Ningepewa nafasi hiyo mimi, leo ningekuwa profesa.

Serikali ikasema hapana, fungeni mashine. Wakafunga. Ni fimbo ya chuma yenye kioo mwishoni, imening'inizwa mferejini. Tunaiita jicho. Inapima uchafu, ukali wa dawa na joto, kisha yenyewe, bila kuombwa na mtu, inatuma hesabu ofisi ya mazingira. Ina laini yake ya simu, mke wangu, na salio haliishi. Ningezaliwa mimi hiyo mashine. Na getini wameweka ubao wenye taa, mpita njia yeyote aone. Kijani, maji salama. Nyekundu, hatari.

Sasa jicho likikaa majini linaota utelezi. Hapo ndipo naingia mimi. Nalitoa, nalisugua kwa brashi laini kama ya meno ya mtoto, nalirudisha. Wenzangu wananiita Daktari wa Macho. Mimi, niliyeiacha shule kabla haijaniacha yenyewe.

Nina dili na mzee, baba yako, umfikishie kwa heshima zote, pamoja na shikamoo yangu. Najua kila kabla ya kufungua lango la mabwawa yake ya samaki anachota maji ya mto kwenye beseni, anatia vifaranga watatu wa samaki, anasubiri mpaka kesho yake aone kama wazima. Nayajua na maneno yake: dawa ya kung'arisha haina rangi, hata ingemwagwa pipa zima mto ungepita mweupe kama wa kunywa. Ni kweli. Lakini sasa mkwe wake ndiye daktari wa jicho lenyewe. Ukitaka kufungua lango, niandikie neno moja kwenye simu: Vipi. Mimi natazama taa, nakujibu rangi. Beseni apumzishe. Hakuna haja ya kusumbua watoto wa samaki wakati kuna jicho lisilolala wala kulishwa.

Mumeo,
Daktari wa Macho

.

Jumatatu, 9 Februari

Bwana Maneno,

Daktari mzima unaandika "hospitali" bila herufi ya kwanza kwenye ujumbe wako wa simu. Nimemsomea shangazi, amecheka mpaka akakaa chini.

Nimemfikishia baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza hiyo mashine anaichunga nani. Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Basi ni ya nyumbani." Akaliosha lile beseni, akaligeuza juani. Mimi nilidhani atabisha wiki nzima. Unajua alivyo, hata mvua huwa anaibishia.

Kuna jingine. Mabwawa mawili ya chini ametuachia sisi, mimi na wewe. Na ufunguo wa lango la maji, ule anaolala nao shingoni, ameuvua akanivisha mimi. Si kaka, mimi. Kaka alikuwa amesimama pale pale, akakohoa sana, nikamuuliza kama amepaliwa.

Kwa hiyo sasa nina ufunguo na wewe una jicho. Tukiwatoa samaki wa kwanza unarudi nyumbani. Ndivyo tulivyokubaliana kabla hujaondoka, na safari hii sitaki useme ulikuwa unatania.

Nina swali. Mashine ikiugua, inasema yenyewe kwamba inaumwa, au inanyamaza kama wewe?

Mkeo

.

Jumanne, 17 Februari

Mwenye Ufunguo, mheshimiwa,

Naomba niandike kwa adabu, sasa naongea na mtu mwenye lango.

Barua yako niliisoma mferejini, miguu kwenye tope, na pale kwenye neno la mzee nilikaa kidogo. "Ni ya nyumbani." Mimi katika maisha yangu nimeuza miwani ya jua wakati wa mvua, nimekuwa dalali wa vyumba ambamo mimi mwenyewe sikuwa na uwezo wa kulala, nimeuza simu isiyo na sauti nikamwambia mteja ni ya watu watulivu. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini bila kwanza kuhesabu vidole vyake. Mzee wako ndiye wa kwanza. Mwambie nimepokea.

Umeuliza kuhusu mashine ikiugua. Inaugua kwa kitu kimoja tu: kukauka. Msimamizi wetu ndiye aliyenifundisha. Ni mtu mpole, anavaa shati jeupe kila siku, akifika kazini haulizi habari za asubuhi, anauliza taa ikoje, kama mtu mwenye mgonjwa. Ananiambia, kijana, siku tukisafisha mfereji jicho lisikae nje likakauka, kioo kinapasuka, na hiyo mashine bei yake hata sisi sote tukiuzwa haitoshi. Siku hizo linakaa kwenye ndoo ya maji safi ya bomba. Nikamwambia bosi, basi jicho linaoga kuliko mimi. Akacheka. Kucheka kwake ni kama kupiga chafya, anageuka pembeni.

Mabwawa ya chini tuyafanyie hivi. Samaki wa kwanza tukiwatoa, wewe unasimamia bei, mimi nasimamia maneno. Halafu nyumba, vyumba viwili, kimoja chenye dirisha linaloangalia maji, ukiamka unawaona samaki wetu kabla hujaniona mimi, siku yako inaanza vizuri. Usimwonyeshe kaka barua hii, atapaliwa tena. Shemeji yangu nampenda, lakini ana roho ya mlango wa benki.

Wako,
Daktari wa Macho

.

Jumanne, 10 Machi

Mume wangu,

Kwa ufupi, lori linaondoka na dereva ananipigia honi.

Jua limekuwa kali, maji yameshuka mpaka kwenye magoti ya baba. Samaki wamekuwa wakubwa, ukiingiza mkono wanakusukuma. Wale wazazi wa bwawa la juu, ambao baba anawaita mabibi, wamevimba matumbo, watataga mwezi huu. Lazima niongeze maji. Jumamosi asubuhi nitakutumia Vipi. Usiwe umelala.

Kaka bado anasema tuweke beseni. Baba amemwambia aache ushamba.

Mkeo

.

Jumamosi, 14 Machi

Mwenye Ufunguo,

Umeona huduma? Umeandika Vipi, hata hujaweka simu chini, nimejibu. Kijani. Nilitoka mpaka getini nikaitazama kwa macho yangu, sikutaka kukujibu kwa mazoea. Imewaka kijani kibichi, ungedhani imepakwa mafuta.

Sasa hivi navyokuandikia najua lango limefunguliwa na maji yanaingia, na mimi huku nimekaa kama mfalme. Leo ni siku ya kusafisha mfereji. Msimamizi ameniita tangu asubuhi, nimelitia jicho kwenye ndoo kama alivyonifundisha, maji niliyachota bombani mwenyewe, nimekalia tofali pembeni yake kivulini. Ndani huko wamefungua mabomba yote, yanavuma kama bibi harusi anavyolia kwa uongo. Mimi na jicho tunatazamana. Nimelipigia mpaka hadithi yako na ufunguo.

Msimamizi amepita mara mbili, akatazama ndoo, akanipiga bega. Anasema mtu mtulivu kama mimi wanaweza kumpandisha. Mimi, mtulivu. Ungekuwepo ungecheka.

Andika uniambie mabibi wamefurahije.

Daktari

.

Jumapili, 15 Machi

Wamekufa.

Nilifungua baada ya neno lako. Maji yaliingia vizuri, meupe, unaona mpaka mawe ya chini. Nilikaa ukingoni nikiyatazama yanavyopanda, na nilikuwa naimba, sitakuficha.

Mchana mmoja akaja juu, mdomo wazi. Nikadhani anataka chakula, nikamrushia. Akakiacha. Kisha wakaja wengine, kisha wote, mabwawa yote manne, wamesimamisha midomo hewani kama watu wanaotaka kusema. Nilikimbilia lango. Nilipolifunga kulikuwa hakuna tena cha kuzuia.

Baba aliingia bwawani na nguo zake. Akawa anawabeba mabibi, mmoja mmoja, anawapeleka kwenye mapipa ya maji ya kisima. Nilimwambia atoke. Kaka naye akamwambia. Alikuwa kama hatusikii. Kila aliyemtia kwenye pipa aligeuka ubavu, na bado alirudi kumchukua mwingine. Alipotoka ngozi ya miguu ilikuwa imechubuka mpaka magotini. Nimempaka mafuta.

Kaka amechimba shimo nyuma ya banda. Tumewazika. Ukiwafungua mashavu, ndani pale panapokuwa pekundu, pamekuwa peupe. Umewahi kuniandikia vitambaa vya kwenu vinatoka vyeupe mpaka unaogopa kuvigusa. Mimi niliwagusa.

Baba aliniuliza ulijibu nini. Nilimjibu. Nilichomjibu nitakuandikia siku nitakapoweza.

.

Ijumaa, 20 Machi

Mke wangu,

Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Barua yangu ya Jumamosi utakuwa umeipata siku hiyo hiyo niliyopata yako. Nisamehe kwa yale niliyoandika pale, sikuwa najua.

Taa ilikuwa ya kijani. Nakuapia kwa kaburi la mama. Nilitoka mpaka getini. Kama ingekuwa nyekundu ningekupigia, ningepiga kelele hata kwa dereva, ningekuja kwa miguu nilifunge lango mwenyewe.

Nimefikiri sana. Labda ni jua. Wewe mwenyewe uliandika maji yameshuka, na maji ya moto yanawakaba samaki, mzee anajua. Labda kuna mtu wa shamba la juu ameosha bomba la dawa mtoni. Watu wa mashamba hawana akili kwenye hayo. Kaka aulize huko. Mimi huku nimemuuliza msimamizi, akasema hesabu zote za Jumamosi ni nzuri, nzuri kuliko siku nyingine yoyote.

Miguu ya mzee inaendeleaje?

Hapa chini niliandika mzaha, nikaukwangua kwa wembe. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utausoma. Naomba usiinue.

Mumeo

.

Alhamisi, 2 Aprili

Mume wangu,

Nakuandikia kutoka kwa shangazi. Nalala chumba cha nyuma, mchana nawapimia wateja chakula cha kuku dukani kwake. Nitakueleza nimefikaje.

Kaka alikwenda ofisi ya mazingira. Akaja dada mmoja, afisa, mpole, ana viatu vya kazi na gari lenye vumbi. Alipima maji, lakini kufikia hapo mto ulikuwa umeshapita mwingine. Kisha akatoa karatasi yenye mchoro wa jicho lenu, Jumamosi nzima. Mstari umelala, hauendi juu wala chini, uko ndani ya kijani tangu asubuhi mpaka jioni. Akatuambia anatusikitikia, lakini mashine haina ndugu, ingekuwa ni kiwanda mstari ungeruka. Akamuuliza baba anawalisha nini. Baba, ambaye amefuga tangu sijazaliwa, akaulizwa anawalisha nini. Alijibu vizuri, hata hakukasirika. Afisa akaandika: chanzo hakijulikani, huenda ni ulishaji. Akaondoka.

Sasa lile jibu nililoliahidi.

Siku ile baba ametoka majini, maji yanamchuruzika, aliniuliza, "Mkwe alisema nini?" Nikatazama miguu yake. Nikamwambia hukujibu. Nikamwambia nilituma Vipi, nikachoka kusubiri, nikafungua kwa pupa yangu. Sijui kwa nini. Sikukaa nikafikiri. Nilikumbuka alivyosema "basi ni ya nyumbani", nikaona siwezi kumwondolea samaki na mkwe siku moja.

Alininyooshea mkono. Nikauvua ufunguo nikampa, naye palepale akampa kaka. Tangu siku hiyo hajasema na mimi. Si kwamba ananigombeza, angenigombeza ningekaa. Ananiwekea chakula, anasogeza kiti nipite, lakini neno hana. Kaka naye, ambaye ningetegemea anicheke, ananionea huruma. Nikafungasha nikaja huku.

Hiyo ni yangu, nitaibeba. Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu ya barua yako ya Jumamosi. Ninayo hapa. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Unasema umekaa kivulini juu ya tofali. Unasema ndani wamefungua mabomba yote. Unasema jicho liko kwenye ndoo, unatazamana nalo.

Nijibu swali moja, bila hadithi. Nilipokuuliza maji yakoje, ukatoka ukatazama taa, ile taa ilikuwa inasoma maji gani?

.

Jumamosi, 11 Aprili

Mke wangu,

Ya ndoo.

Ningeishia hapo, lakini kuna mengine yanakuhusu.

Nilipopata barua yako nilimngoja fundi wa mashine, anayekuja kuirekebisha, nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. Jicho likiwa kwenye ndoo, linalala? Akanitazama. Akasema jicho halilali, linasoma popote ulipoliweka. Ukiliweka kwenye kikombe cha chai litatuma chai. Siku za kusafisha kuna swichi ya kuizima, na ofisi ya mazingira inapewa taarifa kwamba leo hakuna hesabu. Hiyo swichi iko ndani ya kabati lake. Ufunguo wa kabati anao msimamizi. Mimi hata sikujua kabati lina swichi, nilikuwa naweka juu yake chakula changu cha mchana.

Kwa hiyo mto ulipita na dawa yote, na jicho likaituma ndoo yangu ofisi ya mazingira, kutwa nzima, mstari umenyooka. Nikatoka getini nikaisoma ndoo yangu. Nikakutumia ndoo yangu.

Utauliza kama nilijua. Nimelizungusha hili swali nikitafuta upande wenye nafuu. Kwamba ni ndoo inayosomwa, sikujua. Lakini mabomba nilikuwa nayasikia. Harufu iliniingia machoni, nikafuta machozi kwa kola ya shati, nikaona ni ya kawaida. Na msimamizi aliponipiga bega, shaka ilinijia, nikaifukuza, kwa sababu alikuwa amesema wanaweza kunipandisha. Mimi kazi yangu maisha yote ni kumjua mtu anayeuza kitu kibovu. Nimewajua wote. Huyu nilimkalia pembeni nikamshikia ndoo.

Nimekwenda ofisi ya mazingira. Nimemwona yule dada afisa wa viatu. Nilianza na mzaha, mdomo una mazoea, akangoja nimalize, nikamaliza, nikaeleza yote. Ameandika, nimeweka saini. Anasema itachukua muda, na kiwanda kina wanasheria. Kesho yake msimamizi hakuuliza taa ikoje. Aliniuliza kama nina nauli. Kwa hiyo sasa mimi ni daktari asiye na hospitali, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya begi langu, na dereva ameahidi barua hii hataitia neno lake.

Sasa sikiliza. Hukuniambia nisije, lakini barua yako haina saini, na ile ya kabla yake haikuwa nayo. Nasoma polepole lakini nasoma. Kwa hiyo siji kwako kukuomba urudi. Nimewaza nije, nimepanga mpaka maneno, nikayaona yote ni mazuri mno, ni ya kuuzia kitu.

Nimekuja na dili. Nipe nafasi moja nisimame mbele ya mzee. Si kwa simu, si kwa barua, na wewe usiwepo, maana ukiwepo utanikingia tena. Nitamwambia: nilijibu. Binti yako aliuliza, akangoja, nami nikamjibu kijani. Pupa aliisingizia nafsi yake. Wa nyumbani ndiye aliyefungua lango, akiwa amekaa kivulini. Atazame uso huu akijua. Akitaka kunipiga, nitavua shati mapema, asihangaike. Akinyamaza kama anavyokunyamazia wewe, nitaukubali ukimya wake, uwe wangu, kwako uishe.

Wewe unapata hivi: unarudi kwa baba yako, na ufunguo unarudi shingoni mwako. Kaka tutamtuliza, ataelewa, ameshaonyesha ana roho kuliko nilivyomsema.

Mimi natoa hivi: siji tena kwenye mabwawa yale. Karatasi ya kuachana ukiitaka nitaisaini bila kupunguza wala kuongeza, na unajua sijawahi kununua hata kibiriti bila kupatana.

Ukikubali, usijibu. Ukimya nitauhesabu ni ndiyo, lori likirudi bila barua yako nitapanda mimi, nitashuka kwa mzee asubuhi, na jioni nitakuwa nimeshaondoka. Hutaniona. Ukikataa, niandikie. Neno moja linatosha, hata likiwa tusi, andika tu kwa mkono wako nilione. Kwa dili hii, mke wangu, naomba sana unikatalie, lakini nimeshaweka nauli mfukoni.

Wako,
bila jina